UZI: Daktari akikutolea maneno ya kukudhalilisha, fidia inadaiwaje? (Tanzania Bara, na Kenya kidogo)

Hati_ya_Kiapo (mwanzisha uzi)

Wadau, suala la madaktari wenye midomo michafu likiletwa humu huishia kwenye majibu mawili: "mburuze mahakamani" au "achana nao, ndizo hospitali zetu". Hakuna hata moja linalomsaidia mtu. Naweka hapa njia zilizopo na mahali zinapokwamia. Naongelea Tanzania Bara. Zanzibar wana baraza lao la madaktari na sheria zao. Kenya waje wenyewe.

Kinachowaangusha wengi ni hiki: tusi kama tusi halina bei kwenye kesi ya madai. Daktari akikuita mjinga, mshamba au mbwa mbele ya foleni nzima, amekudhalilisha kweli, lakini kwa sheria ya kashfa hiyo ni lugha chafu tu. Aliyesikia "mbwa wewe" haondoki akiamini kwamba wewe ni mbwa, anaondoka akijua kuwa daktari ana hasira. Kashfa inataka maneno yanayodai jambo fulani juu yako, jambo hilo liwe la uongo, mtu wa tatu ayasikie na kuyaelewa, na yakushushie heshima kwa watu wa kawaida. "Umetoa mimba halafu unakuja kutudanganya hapa" ina madai ndani yake. "Una akili kweli wewe?" haina.

Kwa hiyo kabla hujatafuta wakili, andika maneno yaliyosemwa, neno kwa neno, kwa lugha ileile yaliyosemwa, halafu jiulize ni ya aina gani.

Kama ni tusi tupu, una njia ya nidhamu na, pengine, ya jinai. Kanuni ya Adhabu inaifanya lugha ya matusi kuwa kosa pale inapoelekea kuvunja amani, na kesi hizi husikilizwa sana Mahakama za Mwanzo. Mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kuagiza akulipe fidia papo hapo, bila wewe kufungua kesi nyingine. Kiasi huwa si kikubwa, ila gharama yako nayo ni ndogo.

Kama ni jambo la uongo juu yako, hiyo ni kashfa ya mdomo. Hapa kuna mtego. Kashfa ya maandishi haihitaji uthibitishe hasara, ila ya mdomo inahitaji uonyeshe hasara halisi ya fedha iliyotokana na maneno yale: kazi iliyokupita, mteja aliyekukimbia. Yapo maneno yanayosamehewa sharti hilo: kumsingizia mtu kosa la jinai la kifungo, kumsingizia ugonjwa wa kuambukiza unaowafanya watu wamkimbie, na kumsingizia kwamba hafai kwa kazi yake. Ndiyo maana daktari akitangaza koridoni kwamba una kaswende na huna, kesi yako ina nguvu kuliko ya aliyeitwa mchafu.

Kama ni jambo la kweli lakini la siri yako, hapo ndipo penye nguvu kuliko pote, na ndipo watu husahau. Ukweli ni kinga kwenye kashfa, si kinga kwenye siri ya mgonjwa. Akisema kwa sauti "wewe si unatumia ARV, unaficha nini", na kweli unatumia, hawezi kujitetea kwa kusema hakudanganya. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inamfunga kila anayeshika taarifa hizo kutunza siri, na kuivunja ni kosa. Juu yake kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayozihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Ukilalamika kwa Tume yake, Tume ina uwezo wa kuamuru ulipwe fidia. Huhitaji wakili ili kulalamika huko. Hoja yako ijengwe juu ya faili: kwamba taarifa iliyotoka mdomoni mwake imetoka kwenye kumbukumbu ambazo hospitali ilipaswa kuzilinda.

---

binti_ilemela

Na kama mlikuwa wawili tu chumbani? Mlango umefungwa, hakuna aliyesikia.

---

Hati_ya_Kiapo

Basi kashfa hakuna dada, hata angesema nini. Baki na malalamiko ya nidhamu. Kama muuguzi alikuwepo, yeye ni mtu wa tatu, lakini tegemea utetezi kwamba yalikuwa mazungumzo ya kikazi. Daktari anayemwambia muuguzi wa zamu "huyu nadhani ana kaswende, mpimeni" analindwa hata kama amekosea, mradi hakuwa na nia mbaya. Ulinzi huo unaondoka akiyasema kwa watu wasiohusika na matibabu: mlinzi, wagonjwa kwenye benchi, jirani yako aliyekusindikiza.

---

Zamu_ya_Usiku

Niongezee upande wa wahudumu maana watu wanapeleka barua kusikohusika.

Kwanza, hakikisha aliyekutukana ni daktari. Sisi huita "daktari" kila mwenye koti jeupe. Daktari, daktari wa meno na tabibu wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya 2017. Muuguzi na mkunga wako Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mfamasia na mtu wa maabara wana mabaraza yao. Barua ikienda baraza lisilo lake hukaa mezani au kurudishwa, na miezi inapita.

Pili, jina. Usiondoke bila jina, na kama huna, usikate tamaa. Risiti ya kumwona daktari ina tarehe na mara nyingi saa. Karatasi ya vipimo na ya dawa huwa na sahihi au jina la aliyeagiza. Hospitali zinazotumia mfumo wa kompyuta, mfumo unahifadhi nani aliingia kwenye faili lako. Kwenye barua andika "daktari aliyekuwa chumba namba fulani, tarehe fulani, kati ya saa fulani na fulani" na uombe uongozi uoanishe na ratiba ya zamu.

Tatu, barua inaanzia kwa Mganga Mfawidhi wa kituo, au Mkurugenzi kama ni hospitali kubwa. Nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Hospitali nyingi zina afisa ustawi wa jamii. Pitia kwake, maana yeye anajua meza ipi inasoma na ipi inatupa. Toa nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Sanduku la maoni si ushahidi wa chochote.

Baraza lina meno: linaweza kuonya, kumsimamisha, hata kumfutia usajili. Fidia halitoi. Watu wengi wanakasirika wakifika mwisho wa shauri la baraza na kukuta hakuna hata senti. Halikuundwa kwa ajili hiyo. Lakini uamuzi wa baraza kwamba alivunja maadili ni karatasi nzuri sana ya kwenda nayo mezani kwa mazungumzo.

---

mzee_wa_mafaili

Nyongeza kwa huyo wa hapo juu: omba nakala ya faili lako mapema, kabla hata ya kulalamika kama inawezekana. Kuna mchezo wa kuandika faili baada ya ugomvi: "mgonjwa alikataa huduma, alikuwa mkali kwa watumishi." Ukiwa na nakala ya kabla, maandishi hayo mapya yanajionyesha yenyewe. Na kama kilichoandikwa kwenye faili au barua ya rufaa ni uongo juu yako, hiyo sasa ni kashfa ya maandishi, haihitaji kuthibitisha hasara.

---

Kinondoni_Moja

Haya, tuseme kuna kesi kweli. Unamshtaki daktari au hospitali?

---

Karani_wa_Masjala

Wote wawili, mkuu. Mwajiri huwajibika kwa kosa la mwajiriwa akiwa kazini, na mwenye uwezo wa kulipa huwa ni mwajiri. Ila njia inategemea mwajiri ni nani, na hapa ndipo kesi nyingi hufa kabla ya kusikilizwa.

Hospitali binafsi: unapeleka barua ya madai, unatoa muda wa kujibu, siku 14 au 21 zinatosha, kisha unafungua Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi.

Hospitali ya Serikali, iwe ya Wizara au ya Halmashauri: lazima notisi ya siku 90 kwa maandishi kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Notisi iseme nini kilitokea na unadai nini. Tangu marekebisho ya 2020, halmashauri, wakala na mashirika ya umma nayo yamo ndani ya utaratibu huo, na ni lazima Mwanasheria Mkuu aunganishwe kwenye kesi. Usipomuunganisha, shauri zima linabatilika. Na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu, hata kama unadai kidogo. Ndiyo maana madai madogo dhidi ya hospitali ya Serikali mara nyingi hayalipi: gharama za Mahakama Kuu zinakula kilichotarajiwa.

Kuna wajanja wanaomshtaki daktari peke yake ili wakwepe siku 90. Mawakili wa Serikali watasimama na kusema alikuwa kazini kwa mwajiri wake, na utatumia mwaka mzima kubishana kuhusu pingamizi badala ya maneno uliyoambiwa.

Hospitali teule za wilaya, zile za makanisa zenye mkataba na Serikali, ni kichomi. Jengo la kanisa, daktari analipwa na Serikali. Kabla ya kufungua, uliza kwa maandishi mwajiri wake ni nani. Ukikosa jibu, toa notisi ya siku 90 kwa tahadhari. Notisi iliyozidi haijawahi kuua kesi. Iliyokosekana huua.

Muda: kesi ya madhara ya aina hii ni miaka 3. Lakini Sheria ya Ukomo wa Muda inaweka mwaka 1 kwa kitendo kinachodaiwa kufanywa kwa kutekeleza sheria fulani, na upande wa pili unaweza kujaribu kukuingiza humo. Jihesabie mwaka mmoja, na toa humo zile siku 90. Malalamiko kwenye baraza hayasimamishi saa ya mahakama.

---

Kinondoni_Moja

Asante karani. Mtu akiandika anadai milioni 500 si ndiyo anafika Mahakama Kuu moja kwa moja kwa hospitali binafsi?

---

Karani_wa_Masjala

Hapana. Mahakama ya Rufani ilishamaliza hilo kwenye kesi ya Tanzania-China Friendship Textile dhidi ya Our Lady of the Usambara Sisters, iliyoripotiwa 2006: kinachopima uwezo wa mahakama ni dai mahususi, si fidia ya jumla. Fidia ya jumla, yaani ya maumivu na aibu, ni ya hakimu kupima, na hata usipotaja kiasi atapima. Ukiandika milioni 500 za aibu bila dai mahususi lolote unajianika kwa pingamizi la siku ya kwanza.

Dai mahususi ni vitu vyenye risiti: nauli, ada ya kwenda hospitali nyingine, malipo ya mtaalamu wa afya ya akili, mshahara uliokatwa. Kila kimoja kitajwe kwenye hati ya madai kwa kiasi chake na kithibitishwe kwa karatasi. Kanuni hii ni kali (Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992). Bila risiti, hakimu hata akikuonea huruma hawezi kukupa hiyo sehemu.

---

binti_ilemela

Vipi mtu aliyeumia kisaikolojia? Hakukashifiwa, siri haikutoka, ila ametishwa au kubezwa hadi halali usiku.

---

Hati_ya_Kiapo

Huzuni na hasira peke yake hazitoshi. Mahakama inataka ugonjwa unaotambulika kitabibu. Kwa hiyo mwende mtaalamu wa afya ya akili ndani ya siku chache, si miezi minane baadaye wakili akishakwambia faili lina pengo. Ripoti itaje dalili, lini zilianza, na zinahusianaje na tukio. Kama mtu alikuwa na tatizo hilo tangu zamani, lisemwe wazi, kwa sababu wakili wa upande wa pili atalitoa tu.

Msingi wa kisheria upo, ingawa hautumiki sana. Sheria yetu ilipokea sheria ya mapokeo ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na maamuzi ya majaji, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na ndani yake imo kesi ya Wilkinson dhidi ya Downton ya 1897. Mtu alimfanyia mwanamke mzaha kwamba mumewe amepata ajali na kuvunjika miguu. Mwanamke akapata mshtuko, akaugua. Mahakama ikampa pauni 100 kwa mshtuko huo. Hapakuwa na kipigo wala kashfa, ni maneno ya uongo yaliyosemwa makusudi yakaleta ugonjwa. Daktari anayemwambia mama kwa kumkomoa kwamba mtoto wake amekufa wakati yu hai anaingia humo. Daktari aliyekujibu kwa dharau haingii, hata kidogo.

---

Mtu_wa_Webuye

Wakenya tupo. Huku ngao kubwa ni Katiba ya 2010: Kifungu cha 28 kuhusu utu, cha 31 kuhusu faragha, cha 43 kuhusu afya, na cha 23 kinachoruhusu korti kuagiza fidia haki ikivunjwa. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inasema mgonjwa atendewe kwa heshima na ana haki ya kulalamika.

Kesi ya kuisoma ni J O O dhidi ya Mwanasheria Mkuu na wengine, Mahakama Kuu ya Bungoma, hukumu ya Machi 2018. Mama alijifungua sakafuni hospitalini mwaka 2013, wauguzi wakampiga kofi na kumtukana. Korti ilimpa shilingi milioni 2.5 na kuagiza aombwe radhi rasmi. Lakini msiisome vibaya: hakulipwa kwa matusi pekee. Kulikuwa na kukosa kitanda, kofi, kuachwa bila huduma. Matusi yalisaidia kuonyesha kwamba utu wake ulivunjwa. Ombi la kikatiba linabeba vitu hivi kwa pamoja, ndiyo faida yake.

Mkienda kwa kashfa, kumbukeni huku muda ni miezi 12 tu, si miaka 3. Na msipoteze nauli kwenda Korti ya Madai Madogo, sheria yake inakataa waziwazi kesi za kashfa. Siri ya HIV ikitolewa, kuna Jopo la HIV na UKIMWI lenye uwezo wa kutoa fidia, huko ndiko kwa kuanzia. Nidhamu ya daktari ni KMPDC, baraza la madaktari la huku Kenya.

---

mzee_wa_mafaili

Bara nasi tuna ibara ya 12 ya utu na ya 16 ya faragha, lakini njia ya shauri la kikatiba ni nyembamba. Linasikilizwa na majaji 3, na Mahakama Kuu inaweza kulikataa ikiona una njia nyingine ya kutosha ya kupata haki. Kwa maneno ya daktari, watakuambia nenda kafungue kesi ya madai. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bila gharama na inaweza kuchunguza, ila mwisho wake ni mapendekezo.

---

fundi_simu_kkoo

Mimi ningerekodi nikaweka mtandaoni, wangejua hawajui. Kwani kuna ubaya?

---

Karani_wa_Masjala

Kurekodi mazungumzo uliyomo mwenyewe ni jambo moja, kuyarusha ni jingine. Wodini kuna sura na sauti za wagonjwa wengine, na wewe uliyekuwa mlalamikaji unageuka mlalamikiwa wa kuvunja faragha yao. Ukiongeza jina la daktari na neno moja usiloweza kulithibitisha, yeye ndiye anakufungulia kashfa, tena ya maandishi, isiyohitaji kuonyesha hasara.

Rekodi ipeleke mahakamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaikubali, lakini hakimu ataangalia ilitengenezwa vipi, imehifadhiwa vipi, na kama haijaguswa. Kwa hiyo usiikate, usiibadilishe jina, usiipitishe WhatsApp ikabanwa halafu ukafuta ya asili. Simu yenyewe iliyorekodi itunze, usiiuze. Utaapa kiapo kueleza ulivyoipata na ilivyohifadhiwa.

Hata hivyo shahidi mmoja asiye ndugu yako aliyesikia maneno anafaa kuliko video inayotikisika. Chukua namba za watu wawili waliokuwa kwenye benchi siku hiyohiyo. Kesho yake hutawapata tena.

---

Zamu_ya_Usiku

Ongezea: kama matusi yalikuja kwa sababu mtu alikataa kutoa "hela ya glavu", hiyo si ya Mganga Mfawidhi peke yake. Piga 113, TAKUKURU, bure.

---

Kinondoni_Moja

Na barua ya madai mtu anaweza kuandika mwenyewe?

---

Hati_ya_Kiapo

Anaweza. Kurasa 2 zinatosha: nani, lini, wapi, maneno yenyewe ndani ya alama za kunukuu, nani walisikia, madhara gani, unataka nini na kwa siku ngapi. Hadithi ya maisha iache.

Kwenye "unataka nini" weka vitu vinavyotekelezeka. Hospitali binafsi hukubali kwa urahisi radhi ya maandishi, kurudisha ada, na kugharamia ushauri nasaha, kuliko kukubali milioni 50. Hata ukifungua kesi, upatanishi ni lazima kabla ya kusikilizwa, kwa hiyo mtarudi kwenye meza hiyohiyo mkiwa mmeshalipa mawakili.

Kuna sentensi moja isiandikwe kabisa: "usiponilipa nakupeleka baraza ufutiwe leseni". Kulalamika baraza ni haki yako, kuiuza ni kitu kingine, na inaweza kusomeka kama kudai mali kwa vitisho. Lalamika, au dai, au fanya vyote, ila kimoja kisiwe bei ya kingine.

Wakikupa hati ya makubaliano, soma kile kipengele cha mwisho kinachosema umeridhika na hutadai kitu kingine chochote. Kama ulikuwa na dai la matibabu mabovu pembeni, nalo limekwenda kwa sahihi hiyohiyo.

Na aliyeshindwa kwa kawaida hulipa gharama za mshindi. Anayekwenda na "mbwa wewe" tupu afikirie hilo kwanza. Asiye na uwezo wa wakili, vituo vya msaada wa kisheria kama LHRC, WLAC na TAWLA husoma nyaraka bure na kusema ukweli kama kuna kesi.

---

binti_ilemela

Swali la mwisho. Mgonjwa akifariki, watoto wanaweza kuendelea na kesi ya maneno aliyoambiwa?

---

Karani_wa_Masjala

Ya kashfa hapana. Madai mengi ya marehemu hurithiwa na mirathi yake, lakini kashfa imetolewa humo kwa maandishi ya sheria. Watoto hawana dai isipokuwa maneno yaliwagusa wao wenyewe, mfano "familia yenu yote mna ugonjwa huo". Malalamiko ya baraza ndugu wanaweza kuyapeleka. Na kama kulikuwa na uzembe uliosababisha kifo, hilo ni dai jingine kabisa lenye sheria yake. Msimamizi wa mirathi ateuliwe kwanza, kwa sababu bila barua ya usimamizi hana mamlaka ya kufungua kesi kwa niaba ya marehemu.